Swichi ya Usalama Inapoanguka Nyumbani: Namna ya Kutafuta Mahali Umeme Unapovuja

Wakati wa masika ya mwaka mmoja, swichi ya usalama ya nyumba yetu ya Tanga ilianguka kila jioni kwa karibu wiki nzima. Mchana kutwa friji ilifanya kazi, nguo zilipigwa pasi, pampu ilipandisha maji tangini, wala hapakuwa na tatizo lolote; ikifika magharibi, nyumba yote inazima. Jirani yetu, mzee mwenye nia njema kabisa, alitushauri tumwite fundi aiondoe swichi hiyo na kuunganisha nyaya moja kwa moja, kwa sababu aliamini kuwa ilikuwa imezeeka. Tuliamua kutafuta kwanza. Chanzo kilikuwa taa ya ukuta wa nje, ile inayojiwasha yenyewe giza likiingia: kifuniko chake kilikuwa kimepasuka, na maji ya mvua yalikuwa yamejaa ndani mpaka kwenye maungio ya nyaya. Ukuta huo ndio ambao watoto huuegemea wakicheza, na bomba la kunawia miguu liko hatua mbili tu kutoka hapo.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja ambalo ningependa kila mwenye nyumba alishike: swichi ya usalama inapoanguka, ichukuliwe kuwa inasema kweli mpaka ithibitike vinginevyo. Maelezo yafuatayo yanahusu namna ya kuisikiliza, yaani jinsi ya kufuata hatua kwa hatua mpaka kujua ni kifaa gani, au ni sehemu gani ya nyumba, inayovujisha umeme, na ni wakati gani mwenye nyumba anapaswa kuacha na kumwita fundi.

Swichi yenyewe na kazi yake

Ukifungua kifuniko cha mein swichi, ndani utaona breka ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu, na pembeni yake kifaa kipana zaidi chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T au TEST. Hicho chenye kitufe ndicho swichi ya usalama. Wengi huiita ELCB, jina la vifaa vya zamani vilivyofanya kazi kwa njia tofauti kidogo. Zilizopo madukani siku hizi huitwa RCD au RCCB, lakini fundi yeyote atakuelewa ukitumia jina lolote kati ya hayo.

Breka ndogo na swichi ya usalama hazifanyi kazi moja, na kuzichanganya ndiko kunakowapoteza watu wengi wanapotafuta tatizo. Breka huangalia wingi wa umeme unaopita: waya ukibebeshwa mzigo kupita uwezo wake, au waya wa moto ukigusana na nyutro, breka hukata ili waya usiungue. Swichi ya usalama haijali wingi. Yenyewe hulinganisha umeme unaotoka kupitia waya wa moto na umeme unaorudi kupitia nyutro. Nyaya zote mbili hupita katikati ya pete ya chuma iliyo ndani ya kifaa, na maadamu kinachotoka kinalingana na kinachorudi, pete hiyo hutulia. Kikitokea kiasi kinachopotea njiani, kwa kuwa kimepitia kwenye bati la friji, kwenye ukuta uliolowa au kwenye mwili wa mtu na kuingia ardhini, tofauti hiyo hufyatua swichi.

Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Swichi iliyotengenezwa kwa kulinda watu huandikwa miliampia 30, au 0.03 A, na kwa kiwango cha kimataifa haipaswi kuanguka ikiwa kinachovuja hakijafika nusu ya hapo, yaani miliampia 15, bali lazima ianguke ndani ya muda usiozidi milisekunde 300 kikifika miliampia 30. Kiasi hicho hakikuchaguliwa ovyo. Umeme wa miliampia 10 hivi ukipita mwilini unaweza kuifanya misuli ya mkono ikaze, mtu akashindwa kuachia alichokishika, na ukizidi miliampia 30 kwa muda unaweza kuuvuruga moyo. Ndiyo maana fyuzi ya ampia 13 iliyo ndani ya plagi haiwezi kumwokoa mtu aliyeshika waya wenye moto: ili ikatike huhitaji umeme mwingi mara mamia kuliko kiasi kinachoweza kumuua, kwa hiyo haitahisi chochote wakati yeye anapigwa.

Kabla ya kwenda mbele, soma kilichoandikwa kwenye swichi yako. Nyumba nyingi zimewekewa swichi ya miliampia 100 au 300. Hizo hupunguza hatari ya moto unaotokana na umeme kuvuja, lakini hazitoshi kumlinda mtu. Ukikuta namba hizo, panga na fundi kuweka ya 30 walau kwenye njia za soketi, hita ya kuogea na vifaa vya nje.

Kabla ya kugusa chochote

Hakikisha kwanza kuwa ni swichi hii iliyoanguka. Angalia kama majirani wana umeme, kisha angalia mita ya LUKU kama bado ina uniti. Kama umeme wa mtaa upo na uniti zipo, fungua kifuniko cha mein swichi, ukiwa umevaa viatu vikavu na mikono yako ikiwa mikavu, uone ni kipi kilichoshuka. Ikiwa ni breka ndogo peke yake, shida ni ya mzigo au shoti, na utafutaji wake ni tofauti na huu.

Kuna hali ambazo hazihitaji utafutaji wowote wa mwenye nyumba. Ikiwa kuna harufu ya plastiki iliyoungua, ikiwa mein swichi ina weusi au ni ya moto kwa kuigusa, ikiwa maji yameingia ndani ya nyumba mpaka kufikia soketi, au ikiwa mtu amepigwa na umeme muda mfupi kabla ya swichi kuanguka, iache chini na umwite fundi. Katika hali ya mwisho, mtu aliyepigwa apelekwe hospitali hata akijisikia mzima, kwa kuwa athari kwenye moyo zinaweza kuchelewa kuonekana.

Pia usivunje lakiri ya mita wala usiguse nyaya zinazotoka mitani. Sehemu hiyo ni ya shirika la umeme, na swichi yako haikulindi na chochote kilicho upande huo.

Yasipokuwepo hayo, jaribu kuipandisha swichi mara moja. Baadhi ya aina husimama katikati zikianguka, hivyo sukuma kishikio chini mpaka mwisho, halafu ukipandishe. Ikishika na kutulia, huenda kilichoiangusha ni tukio la kupita, kama radi ya karibu au mshtuko wa umeme unaporudi baada ya kukatika. Andika tarehe na saa, kisha endelea na shughuli zako. Ikianguka tena, sasa una kazi ya kufanya. Usiishikilie kwa kidole wala usiipandishe mara kumi mfululizo ukitumaini itazoea. Kila unapoipandisha unaupa umeme unaovuja nafasi nyingine ya kumpata mtu.

Kutenganisha njia moja baada ya nyingine

Shusha breka zote ndogo, kisha pandisha swichi ya usalama peke yake. Kinachotokea hapo kitakupeleka upande mmoja au mwingine, na inafaa kuvielewa vyote viwili.

Ikiwa swichi inashika, pandisha breka moja moja, ukisubiri kidogo kati ya moja na nyingine. Itakayoiangusha swichi ndiyo njia inayovuja. Iache chini, pandisha swichi tena na kuzirudisha breka nyingine zote, na hapo nyumba itakuwa na umeme isipokuwa sehemu hiyo. Kama fundi wako wa awali aliandika majina ya breka, utajua mara moja kama ni soketi za jikoni, taa za nje au hita. Kama hakuandika, huu ndio wakati wa kuzunguka nyumba kuona nini hakifanyi kazi na kuandika wewe mwenyewe kwa kalamu isiyofutika.

Ukishaijua njia, chomoa plagi zote zilizo kwenye njia hiyo. Nasema kuchomoa, wala si kuzima kitufe cha soketi, kwa sababu vitufe vya soketi nyingi hukata waya wa moto tu na kuiacha nyutro ikiwa imeunganishwa na kifaa, na umeme unaweza kuvuja hata kupitia nyutro. Baada ya kuchomoa, pandisha breka. Ikishika, chomeka kifaa kimoja kimoja ukianza na vile vinavyohusiana na maji au joto. Katika nyumba zetu za pwani, uzoefu wangu ni kuwa pasi, birika la umeme, jiko la sahani, mashine ya kufulia, pampu na friji huchangia kuliko vifaa vingine vyote kwa pamoja.

Kila kifaa kipe muda wa kutosha kabla ya kukitangaza kuwa ni kizima. Friji huweza kukaa kimya nusu saa, kisha mota yake ikianza kuzunguka ndipo swichi inaanguka. Zile zisizoganda barafu zina waya wa joto wa kuyeyushia unaowaka kwa vipindi, na ukiwa na maji, swichi itaanguka kila baada ya saa kadhaa bila mpangilio unaoonekana. Pasi inaweza kuwa salama ikiwa baridi na kuvuja ikishapata moto. Kwa hiyo, kama swichi ya nyumbani kwako huanguka mara moja moja, silaha kubwa uliyonayo ni karatasi: andika saa, hali ya hewa, na kila kilichokuwa kinafanya kazi au kilichojiwasha wakati huo. Sisi tuliipata taa ya nje kwa njia hiyo tu, baada ya kuona kuwa saa zote tano tulizoandika zilikuwa zimekaribiana na magharibi.

Jambo moja kuhusu vifaa vya joto linastahili kuelezwa, kwa kuwa huwafanya watu watupe vitu visivyoharibika. Waya wa joto ulio ndani ya birika, hita au oveni umezungukwa na unga mweupe unaoutenga na bomba lake la chuma, na unga huo hunyonya unyevu wa hewa. Hita iliyokaa miezi bila kutumiwa katika hewa yetu ya chumvi na unyevu inaweza kuiangusha swichi siku ya kwanza inapowashwa. Fundi anaweza kuupima waya huo, kuukausha kwa joto la nje, na kuupima tena. Ikibaki inavuja baada ya kukauka, hapo ndipo ibadilishwe.

Swichi inapokataa kupanda hata breka zote zikiwa chini

Hapa ndipo wengi, wakiwemo mafundi wenye haraka, husema kuwa swichi yenyewe imekufa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini zaidi ya hapo ipo sababu nyingine ambayo haijulikani sana, nayo ni nyutro kugusana na ethi, yaani waya unaounganisha mabati ya vifaa na ardhi.

Breka ndogo za kawaida hukata waya mmoja tu, wa moto. Nyutro za njia zote hubaki zimefungwa pamoja kwenye kipande kimoja cha chuma, kiitwacho baa, hata breka zote zikiwa chini. Ikiwa mahali fulani ndani ya nyumba nyutro imegusana na ethi, tuseme ndani ya birika lililoharibika, ndani ya soketi iliyoingia maji, au pale msumari wa kutundikia picha ulipopenya waya ukutani, basi sehemu ya umeme unaorudi itakuwa na njia mbili na kuchagua kugawanyika. Swichi itaona upungufu na kuanguka. Inaweza kukataa kupanda kabisa. Au inaweza kupanda vizuri nyumba ikiwa haina mzigo, kisha ikaanguka mara tu mtu anapowasha pasi ambayo haina kosa lolote, kwa sababu pasi imeongeza umeme unaorudi, na sehemu ya umeme huo imekimbilia ethi kupitia kosa lililo chumba kingine. Nimeona pasi mbili nzima zikitupwa kwa kosa hilo lililokuwa kwenye soketi ya barazani.

Kwa hiyo, swichi ikikataa kupanda breka zikiwa chini, zunguka nyumba yote uchomoe kila plagi, bila kusahau ekstensheni zilizo nyuma ya kabati, chaji za simu, king'amuzi cha televisheni, na friji ya dukani ikiwa nyumba ina kibanda mbele. Vifaa visivyo na plagi, kama hita ya bafuni, jiko na pampu, kwa kawaida huwa na swichi kubwa ya ukutani yenye taa nyekundu; nyingi ya hizo hukata nyaya zote mbili, kwa hiyo zizime. Sasa pandisha swichi ya usalama. Ikishika, mojawapo ya vitu ulivyovichomoa ndicho chenye kosa, na utakipata kwa kurudisha kimoja kimoja. Katika hatua hii breka ziwe juu, na iwepo taa moja au mbili zinazowaka, ili kuwe na umeme unaorudi wa kuweza kulifichua kosa la nyutro.

Ikiwa haishiki hata baada ya hapo, kazi ya mwenye nyumba imekwisha. Linalobaki ni kosa ndani ya kuta, au swichi mbovu, na yote mawili humhitaji mtu mwenye vipimo. Fundi atakata umeme, atazitoa nyutro kwenye baa moja moja, na kuipima kila njia kwa mita ya kupimia ubora wa ganda la waya, ambayo mafundi huiita mega. Mita hiyo hutoa volti 500, na kwa nyumba za umeme wa volti 230 njia inayosoma chini ya megaohimu 1 haikubaliki. Mkumbushe kuhakikisha kila kifaa cha kielektroniki kimechomolewa kabla hajapima, kwa sababu volti hizo zinaweza kukiharibu.

Uvujaji mdogo uliojumlishana

Yako mazingira ambayo hakuna kifaa kimoja chenye kosa. Kompyuta, televisheni, chaji na taa nyingi za LED zina vichujio ndani ambavyo hupeleka kiasi kidogo cha umeme kwenye ethi kila wakati, kwa muundo wake, na si kwa ubovu. Kifaa kimoja huweza kuvujisha miliampia moja au pungufu, na kompyuta ya mezani huruhusiwa kufikia miliampia 3.5. Nyumba yenye vifaa kumi na tano vya namna hiyo chini ya swichi moja ya miliampia 30 inakuwa imeshakaribia ukingo, na jambo dogo lolote, hata unyevu wa usiku kwenye soketi ya nje, huisukuma. Kanuni za umeme za Uingereza, ambazo mafundi wengi wa kwetu huzifuata, zinataka uvujaji wa kawaida usizidi asilimia 30 ya uwezo wa swichi, yaani miliampia 9.

Dawa yake ni kugawa, na wala si kuweka swichi ya miliampia 300 ili ivumilie. Fundi anaweza kuweka swichi mbili za usalama, kila moja ikilinda nusu ya nyumba, au kuweka kwenye kila njia breka yenye kinga ya uvujaji ndani yake, ile iitwayo RCBO. Gharama ni kubwa kidogo mwanzoni, lakini faida yake ni kuwa birika likivuja, jikoni pekee ndiko kunakozima, na samaki waliomo kwenye friza hawaharibiki. Kazi ya kugawa ifanywe kwa uangalifu: nyutro ya kila njia lazima irudi kwenye swichi ileile ambayo waya wake wa moto umetokea. Nyutro zikichanganywa, swichi zitaanguka kila kitu kinapowashwa, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuitazama ikiwa tatizo lako limeanza siku fundi alipoongeza chumba au soketi mpya.

Mambo ambayo watu hufanya na yasiyopaswa kufanywa

La kwanza ni kuiruka swichi kwa kipande cha waya. Sina haja ya kulirefusha.

La pili linanisumbua zaidi, kwa sababu hufanywa na watu wanaodhani wametengeneza. Kifaa kinaiangusha swichi. Mtu anafungua plagi, anakata waya wa ethi, na tatizo linaisha. Lililotokea ni kwamba bati la kifaa hicho bado lina umeme, ila sasa hauna pa kwenda. Unabaki kwenye bati la friji au la mashine ya kufulia ukimsubiri mtu wa kwanza mwenye miguu peku kwenye sakafu yenye maji, na mtu huyo ndiye anayekuwa waya wa ethi. Kama swichi ya miliampia 30 ipo na ni nzima, atapigwa na kuachiwa. Kama haipo, hataachiwa. Ukinunua kifaa cha mtumba chenye plagi ya pini tatu na ndani ukakuta ethi haikuunganishwa, usikitumie mpaka fundi akipime.

Ni vyema pia kujua mipaka ya swichi hii. Mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono mwingine, huku amesimama juu ya mbao kavu, swichi itamwona kama taa au pasi tu, kwa kuwa kinachotoka kinarudi chote, na haitaanguka. Kwa hiyo kuwepo kwake hakumpi mtu ruhusa ya kufungua soketi yenye moto.

Kwa ndugu walio Marekani na Kanada

Huko swichi hii kwa kawaida haikai kwenye mein swichi pekee, bali huwekwa ndani ya soketi yenyewe, kwenye bafu, jiko, gereji na nje, na soketi hiyo huwa na vitufe viwili vilivyoandikwa TEST na RESET. Ilibuniwa mwaka 1961 na Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyekuwa ametumia miaka mingi kupima ni umeme kiasi gani mwili wa binadamu unaweza kuuhimili. Ni nyepesi kuliko zetu: huanguka uvujaji ukifika kati ya miliampia 4 na 6.

Anayehamia huko mara nyingi hushangazwa na jambo moja. Soketi ya gereji inaweza kufa ilhali haina kitufe chochote, na breka zote zikiwa juu. Sababu ni kwamba soketi moja yenye vitufe huweza kulinda soketi nyingine kadhaa zilizo mbele yake, hata za chumba kingine. Zunguka bafu zote, jikoni, stoo na nje, na ubonyeze RESET kwenye kila soketi yenye vitufe uliyoiona. Ikiwa kitufe hakishiki, chomoa vyote vinavyotegemea soketi hiyo na ujaribu tena. Kisiposhika bado, huenda umeme haufiki pale kabisa, kwa hiyo tazama breka. Au soketi imemaliza maisha yake, kwani nyingi za miaka ya karibuni hujipima zenyewe na kukataa kurudi zikishaharibika. Mpangaji amjulishe mwenye nyumba, wala asiibadilishe mwenyewe.

Kitufe cha T na fundi atakayekuja

Baada ya matengenezo yoyote, na walau mara moja kila miezi sita, bonyeza kitufe cha T. Swichi inapaswa kuanguka papo hapo. Isipoanguka ilhali umeme upo, haikulindi, na ibadilishwe bila kungoja. Mahali pa chumvi na vumbi kama pwani, vyuma vya ndani hushikana vikikaa miaka bila kusogea, na kubonyeza huko huvifanya viendelee kuwa vyepesi. Waambie mapema waliomo nyumbani, ili kompyuta zizimwe kwanza.

Kitufe hicho hupima mtambo wa swichi tu. Hakikuambii kama nondo ya ethi iliyochimbiwa nje ya nyumba bado imeunganishwa, au kama waya wake uliliwa na kutu au kukatwa na jembe. Swichi itaanguka ukibonyeza T hata nyumba ikiwa haina ethi kabisa. Kwa hiyo fundi atakapokuja, mwombe apime ethi kwa mita, na apime pia swichi huanguka kwa miliampia ngapi na kwa muda gani, kwa kifaa maalumu cha kazi hiyo. Leseni za mafundi umeme hutolewa na mamlaka za kudhibiti nishati: Tanzania ni EWURA, na Kenya ni EPRA. Kuomba kuiona leseni si kumkosea mtu heshima, na fundi wa kweli huwa nayo karibu.

Mpe karatasi uliyoandika saa na matukio, na umwambie ulichokwisha kujaribu, ili asianze upya. Akimaliza, aandike vipimo vyake pamoja na tarehe kwenye kipande cha karatasi, na ukibandike upande wa ndani wa kifuniko cha mein swichi, chini ya majina ya breka.